Roki ya Zambia yarudi jukwaani: bendi ya WITCH na albamu yake mpya

Juni 2025 ilitoka albamu iitwayo Sogolo. Ni kazi ya WITCH, bendi ya roki iliyochipukia Kitwe, mji wa migodi ya shaba nchini Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwimbaji wake kiongozi, Emmanuel Chanda, ambaye mashabiki wanamjua kwa jina la Jagari, ameshavuka miaka 70. Wenzake watano waliounda kikosi kilichovuma, wapiga magitaa, mpiga kinanda na mpiga dramu, wote wametangulia mbele ya haki. Tangu santuri yao ya kwanza imepita nusu karne, na ndani ya muda huo shaba ilianguka bei, maradhi yakaondoka na wanamuziki wengi, bendi ikavunjika, na Jagari mwenyewe akaishia kushika sururu, akichimba vito ardhini kutafuta riziki.

Sasa anaimba Ulaya na Marekani mbele ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoacha muziki.

Habari hii iko karibu na wasomaji wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Santuri ya kwanza ya WITCH ilifyatuliwa Nairobi, na bendi ya Dar es Salaam iliyopiga roki kwa Kiswahili ilikwenda Zambia kurekodi albamu yake. Wakati huo Afrika Mashariki na Zambia zilikuwa zikitegemeana kwa mambo mengi, muziki ukiwamo.

Jina la bendi lisimtishe mtu. Ni herufi za kwanza za sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba wamekusudia kuzua vurugu, na vurugu yenyewe ilikuwa ya jukwaani. Jagari naye lakabu yake ilitokana na Mick Jagger wa Rolling Stones, ikatamkwa Kizambia mpaka ikawa yake.

Ili kuelewa vijana wa mji wa migodi walivyofika kwenye muziki huo, inabidi kukumbuka Zambia ya wakati ule. Nchi ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na shaba iliingiza zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake za kigeni. Miji ya Kitwe, Mufulira, Chingola na Ndola ilikuwa na umeme, kumbi za starehe na watu wenye mshahara wa kila mwezi. Redio ya LM, iliyorusha matangazo kutoka Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, ilisikika sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, na ilipiga nyimbo mpya za Uingereza na Marekani. Kijana wa Kitwe aliweza kuwasikiliza Rolling Stones, Deep Purple, Black Sabbath, Grand Funk Railroad na James Brown, kisha jioni akajaribu kuzitoa nyimbo zao kwenye gitaa la kuazima. Bendi zilianza hivyo, kwa kukopi. Jagari alipitia katika bendi za vijana za namna hiyo kabla ya WITCH kupata umbo lililokuja kujulikana: yeye kwenye sauti, Chris Mbewe gitaa la solo, John Muma ridhimu, Gedeon Mwamulenga besi, Paul Mumba kinanda na Boidi Sinkala dramu.

Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa na hakuona haya kuimba mbele ya umma, anakumbukwa kwa agizo lake la miaka ya 1970 kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Hapo pana jambo la kutazama vizuri. Mwishoni mwa 1969 viongozi wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, wakiona unawapotosha vijana. Kaunda yeye alidai tu muziki uwe wa wananchi, na mwananchi mwenye umri wa miaka ishirini, mtoto wa mjini, aliyekuwa akizungumza Kibemba nyumbani na Kiingereza shuleni, muziki wake ulikuwa roki. Redio ilihitaji nyimbo za nyumbani, naye alikuwa nazo. Muziki huo ukaitwa Zamrock.

Asiyewahi kuusikia atauliza una tofauti gani na roki ya Wazungu. Gitaa la solo hupitishwa kwenye kifaa kinachoikwaruza sauti kwa makusudi, ikatoka nzito na yenye mkoromo, kama redio ya mbao iliyochanika spika. Chini yake besi na dramu hazikimbii. Zinazunguka, zinarudi, zinang'ang'ania mduara uleule mpaka mguu wa msikilizaji unaanza kutikisika wenyewe, na mduara huo ndio wa ngoma za nyumbani. Mashairi yalikuwa ya Kiingereza sehemu kubwa, yakichanganywa na Kibemba au Kinyanja, na yalisema mambo ya watu wa kawaida: upweke, mapenzi yaliyovunjika, kijana aliyetoka kijijini akapotea mjini. Katika Lazy Bones!!, albamu ya WITCH ya 1975 ambayo wapenzi wengi wa Zamrock huitaja kwanza, unasikia wazi kwamba watu hawa hawaigi tena. Mbewe anaachia nafasi katikati ya nyimbo, Mumba anaingiza kinanda taratibu, na Jagari anaimba kwa sauti ya mtu anayekusimulia jambo akiwa amekaa karibu nawe.

Kabla ya kufika hapo walipita njia ngumu. Albamu yao ya kwanza, Introduction, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, inatajwa kuwa albamu ya kwanza ya kibiashara kutolewa Zambia. Waliitoa wenyewe, bila kampuni kubwa nyuma yao. Zambia haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri wakati huo, kwa hiyo kazi ilipelekwa Nairobi, mji uliokuwa na viwanda na ukihudumia wanamuziki wa nchi nyingi za jirani. Zilirudi nakala chache tu, kiasi ambacho mfuko wa bendi uliweza kubeba, na bendi ikaziuza yenyewe kwenye maonyesho yake. Albamu ya pili, In the Past ya 1974, nayo ilikuwa ya kujitegemea. Ni kuanzia Lazy Bones!! ndipo wakaingia kwenye lebo ya Zambia Music Parlour ya mfanyabiashara Edward Khuzwayo.

Bendi ya namna hiyo huitwa “bendi huru”. Mwanamuziki aliye chini ya kampuni kubwa hulipiwa studio, hutangaziwa kazi yake, na kampuni hubaki na kanda mama na sehemu kubwa ya mapato. Bendi huru hujilipia kila kitu. Vijana wa WITCH walilipa saa za studio, wakalipa ufyatuaji, kisha wakasimama mlangoni kuuza. Studio zenyewe hazikuwa na mitambo ya kurekodi kila chombo peke yake na kuunganisha baadaye kwa utulivu. Wote walipiga pamoja, na mmoja akikosea wanaanza upya au kosa linabaki. Sikiliza nyimbo za albamu hizo mbili za kwanza kwa makini utasikia sehemu ambazo dramu inatangulia kidogo na magitaa yanaifuata. Ukali wa rekodi hizo unatoka humohumo.

Nje ya studio, Zambia ilikuwa mstari wa mbele wa ukombozi, na wanamuziki waliliona hilo kila usiku. Januari 1973 Rhodesia ya Ian Smith, yaani Zimbabwe ya leo, ilifunga mpaka wake na Zambia, na Zambia ikageukia bandari ya Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa limeanza kufikisha mafuta Ndola tangu 1968, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa ikijengwa. Lusaka ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa nchi kadhaa, na ndege za Rhodesia zilifika kuwashambulia. Zikaja amri za kutotoka nje usiku na za kuzima taa. Bendi zilizozoea kupiga mpaka usiku wa manane zikalazimika kuanza mchana, watu wakacheza roki jua likiwa bado linawaka.

Njia ya kwenda Nairobi haikuwa ya WITCH peke yao. Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga iliyochukua jina la maporomoko ya Mto Zambezi, iliishi na kupiga Kenya, na albamu yake ya Wings of Africa ya 1975 ilirekodiwa huko. Kutoka upande wa pili, The Sunburst ilikwenda Zambia. Bendi hii iliundwa Dar es Salaam na wanamuziki wa Tanzania pamoja na wengine kutoka Zaire, ikiongozwa kwa sauti na James Mpungo, na ilipiga mtindo wake iliouita Kitoto: magitaa ya roki, ala za kupuliza, mashairi ya Kiswahili. Albamu yao ya Ave Africa ilitoka Zambia mwaka 1976. Watanzania wengi hawajawahi kuisikia, na si kosa lao. Lebo ya Strut ya London ndiyo iliyoirudisha madukani mwaka 2016, miaka 40 baadaye.

Zamrock haikudumu. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka kwenye soko la dunia, na mji wa mgodi ukikosa mshahara, ukumbi unakosa watu. Bendi ya watu sita yenye magitaa, dramu na gari la kusafirishia vyombo ikawa gharama kubwa kuliko mpiga diski mmoja mwenye sanduku la santuri. Wasikilizaji wakageukia kalindula, muziki uliotoka karibu zaidi na kijijini. Kanda za kunakili zikajaa sokoni na santuri halali zikakosa mnunuzi. Jagari aliiacha bendi mwishoni mwa miaka hiyo na kwenda kwenye ualimu wa muziki. WITCH ikaendelea bila yeye, ikiwa na vijana wapya akiwamo mpiga kinanda Patrick Mwondela, ikaingia kwenye disko na kutoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984. Hii ya mwisho ilibeba jina la sherehe kubwa ya Walozi ya kuhama mafuriko ya Zambezi. Kisha kimya.

UKIMWI uliimaliza sehemu kubwa ya kizazi hicho cha wanamuziki. Paul Ngozi, aliyekuwa nyota mwingine mkubwa wa Zamrock, alifariki mwaka 1989. Keith Kabwe wa bendi ya Amanaz akawa mchungaji wa kanisa, Ililonga akahamia Denmark. Jagari akaenda kwenye vito.

Waliofufua jina la WITCH hawakutoka Lusaka wala Kitwe. Walikuwa wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani, watu wanaoweza kutoa mamia ya dola, hata maelfu, kwa nakala moja ya zamani. Lebo ndogo za huko zikaanza kutoa upya albamu hizo, na mwaka 2012 Now-Again ya Los Angeles ikatoa mkusanyiko mkubwa wa kazi za WITCH katika boksi moja. Miaka miwili baadaye Gio Arlotta, mtengenezaji filamu kutoka Italia, alisafiri hadi Zambia kumtafuta Jagari, akiwa na wanamuziki wawili wa Uholanzi, Jacco Gardner na Nico Mauskoviç. Filamu yake ilitoka mwaka 2019. Ndani yake unamwona mzee akiwa mgodini, mikono imejaa vumbi, akieleza mambo ya jukwaani ya miaka 40 iliyopita kwa kicheko na bila kinyongo. Walipomwomba aimbe tena, Gardner akashika besi na Mauskoviç dramu.

Kikosi cha sasa kimezaliwa hapo. Jagari yuko mbele, Mwondela yuko kwenye kinanda, Wazungu wameshika magitaa na dramu, na wanawake wawili wa Kizambia, Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo, wameongezwa kwenye sauti. Juni 2023 wakatoa Zango, albamu ya kwanza kubeba jina la WITCH baada ya miaka 39. Jina hilo linamaanisha mahali pa kukutania, na waliirekodi Lusaka. Ilitolewa na Desert Daze Sound, tawi la tamasha la muziki la California, kwa kushirikiana na Partisan, lebo huru inayosimamia pia santuri za Fela Kuti. Mgeni wake mashuhuri ni rapa Sampa the Great, mzaliwa wa Zambia aliyekulia Botswana, ambaye ana undugu na mmoja wa waanzilishi wa bendi. Katika Avalanche of Love anarapu juu ya magitaa yenye mkoromo uleule wa zamani, na mtu hahisi kwamba vizazi viwili vimegandishwa kwa gundi. Vinakaa vizuri pamoja.

Zango ina nyimbo za Kiingereza zinazopendeza, Streets of Lusaka ikiwa mojawapo, lakini nguvu yake iko kwenye nyimbo za lugha za nyumbani. Jagari akiimba Kibemba au Kinyanja sauti yake inalegea, anacheza na maneno, anavuta silabi anavyotaka. Kwa Kiingereza anakuwa mwangalifu zaidi. Miongoni mwa nyimbo hizo za nyumbani imo Unimvwesha Shuga. Hata Mswahili asiyejua Kinyanja ataambulia sukari iliyomo ndani, na mengine besi itamfafanulia.

Sogolo imekwenda hatua mbele ya hapo, na jina lake lenyewe linaelekeza kwenye siku zijazo. Zango ilikuwa bado na mshangao wa watu waliokutana juzi. Sogolo ni ya bendi iliyozunguka jukwaa hadi jukwaa na kuzoeana. Ng'ambi na Tembo hawaimbi nyuma ya mzee tu, wanabeba nyimbo wenyewe, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote katika albamu hii. Zamrock ya miaka ya 1970 ilikuwa karibu yote ya wanaume. Kwenye nyimbo kama Nadi na Kamusale sauti za wanawake zinaupa muziki huu upande ambao haukuwa nao hata ulipokuwa kileleni. Queenless King, wimbo uliotangulizwa kuitangaza albamu, una gitaa kali la kumridhisha shabiki wa zamani.

Wapo wanaouliza kama bendi yenye Waholanzi na Wazungu wengine bado ni WITCH. Swali ni la haki. Mapigo ya Boidi Sinkala hayawezi kurudi, wala solo za Mbewe, na mtu akiweka Lazy Bones!! na Sogolo sambamba atasikia kilichopungua: zile kasoro za studio, ule wasiwasi wa vijana wasiojua kama kesho watapata nafasi nyingine. Lakini bendi hubadilika watu kila mahali. Bendi za Dar es Salaam, DDC Mlimani Park Orchestra na Msondo, zimebadilisha wanamuziki mara nyingi na hakuna aliyezinyang'anya majina. Mwimbaji ni yuleyule, na mwenye haki ya kusema bendi imekufa ni yeye. Hajasema.

Swali zito zaidi ni kwa nini urithi huu ulisubiri watu wa mbali. Mwaka 2024 rapa wa Marekani Tyler, the Creator alitumia kipande cha wimbo wa Paul Ngozi katika Noid, na mamilioni ya watu wakasikia Kinyanja bila kujua ni lugha gani. Haikuhitaji kuwa hivyo. Nakala za muziki huu zilikuwa Lusaka, Ndola, Nairobi na Dar es Salaam, kwenye makabati na chini ya vitanda, na nyingi zikachakaa, zikavunjika au zikauzwa kwa bei ya takataka. Kanda za Redio Tanzania za miaka hiyohiyo zimebeba historia ya bendi zetu kwa namna ileile, na utepe wa kanda huharibika kwa joto na unyevu bila kungoja mtu apate bajeti.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu kuna santuri za mzee za miaka ya 1970, za bendi yoyote ile, usizitupe na usizigawe kwa mpita njia wa kwanza anayeulizia. Zisimamishe wima, mbali na jua. Piga picha lebo za pande zote mbili, andika nani alipiga nini kama bado yupo mtu anayekumbuka, kisha mtafute mwenye mashine ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Na Sogolo inapatikana kwenye mitandao yote mikubwa ya muziki. Isikilize kwa sauti ya juu, kisha tafuta Ave Africa ya The Sunburst.